Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Barabara ya kutoka Kigali kwenda Ziwa Kivu hupanda kwa muda mrefu kabla ya kushuka. Hupita Musanze chini ya milima ya volkano, ikapita Mukamira na Bigogwe penye malisho na ukungu, ndipo ikaingia Kanzenze, mojawapo ya sekta 12 za wilaya ya Rubavu. Baada ya hapo ni mteremko: Mahoko, Nyundo, kisha Gisenyi, mji ulioshikana na Goma hata mtu anaweza kuamkia nchi moja, akauza mboga nchi ya pili, na adhuhuri ikamkuta amesharudi kwake. Wengi huiona Kanzenze kupitia kioo cha gari tu: mashamba ya viazi, kuta za mawe meusi ya volkano, watu waliovaa makoti jua likiwa utosini.

Mimi niliijua kwa kulala. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikinunua dagaa katika soko la Kirumba, Mwanza, na kuwapeleka Goma, ambako dagaa wa Ziwa Victoria wana wateja wengi. Mzigo ulitangulia kwa lori, mimi nikafuata kwa basi. Nyumba za wageni za Gisenyi zilinila faida yote, basi dereva wa lori akanikutanisha na mama mmoja wa Kanzenze, mjane, muuza viazi, aliyejifunza Kiswahili chake katika masoko ya Goma. Akanipa chumba. Nami nikawa namwachia magunia machache ya dagaa kwa bei ya Mwanza, ayauze Mahoko siku ya soko. Nilimwita Mama. Yeye aliniita mwanangu, ingawa nami wakati huo nilikuwa na watoto waliokwisha kuoa.

Karibu yote ninayoyajua kuhusu kukaa na afya safarini niliyajua kwake, au njiani kwenda kwake. Lililo kubwa nalitanguliza: afya ya msafiri haikai yote ndani ya mkoba wake. Sehemu kubwa imo mikononi mwa anayemlaza na kumlisha, na afya ya mwenyeji nayo huingia mlangoni pamoja na mgeni. Maandishi mengi ya kuwaongoza wasafiri humsemesha msafiri kana kwamba yeye peke yake ndiye mwenye mwili unaoweza kuugua, na huko aendako kumejaa vitu vya kumdhuru tu. Sikuwahi kuyaona mambo hivyo nikiwa Kanzenze.

Nianze na basi. Miaka hiyo, kabla ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa mwaka 2025, tulivuka kwa kivuko, tukapita Sengerema na Geita, tukaelekea Biharamulo na Ngara hadi Benaco, na mwisho Rusumo. Ni safari ndefu, na kwa mwanamke adui wake wa kwanza si mbu. Ni kiu ya kujitakia. Basi husimama porini abiria wachimbe dawa, wanaume wakageukia vichaka na kumaliza kabla injini haijapoa, na mwanamke akabaki kitini akihesabu saa zilizobaki. Kwa hiyo wengi wetu hatunywi maji tangu alfajiri. Nimewaona wasichana wakifika mpakani midomo imepasuka na kichwa kinawagonga, na siku mbili baadaye wako kwenye zahanati wanatibiwa UTI, kwa kuwa mkojo mchache unaozuiliwa saa nyingi huwaachia vijidudu nafasi ya kuzaana. Dawa niliyoishika mimi ni khanga na jirani. Nilitafuta mwenzangu wa kiti cha karibu mapema, tukakubaliana: mmoja anasimama na khanga imetandazwa, mwingine anajisitiri, kisha tunabadilishana. Nikanywa maji yangu. Lakini hilo lisiwe kisingizio cha kuwaacha wenye mabasi wapumue. Kituo chenye choo safi na maji ya kunawa katika njia ya saa kumi na nne si hisani kwa abiria, ni sehemu ya nauli aliyolipa.

Na miguu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti ulioonyesha kuwa kukaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi, iwe kwenye ndege, treni au basi, huongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya ndani ya mguu. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo ni ndogo bado. Kwa mjamzito, kwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji, kwa aliyewahi kuganda damu, si ndogo. Njiani tulikuwa tukikunja na kukunjua vifundo vya miguu tukiwa tumekaa, na kila basi liliposimama tulishuka, hata kama hatuna haja. Mguu mmoja ukivimba na kuuma upande wa nyuma, au pumzi ikakatika ghafla baada ya safari, huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo. Si wa kukandwa.

Pale Rusumo, juu ya Mto Kagera, mambo mawili hubadilika kwa pamoja na watu huyachukulia kirahisi. La kwanza ni saa: Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Mwenye dawa za kumeza kwa muda maalumu ni vyema aamue mapema kama atafuata saa ya nyumbani au ya kule, aandike, na ashike moja. La pili ni upande wa barabara. Tanzania magari hushika kushoto. Ukivuka daraja yanashika kulia, na Kongo vilevile. Shingo ya mtu aliyekulia Mwanza imezoea kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka. Rwanda gari la karibu linatokea kushoto. Ninajua tunapenda kuogopa magonjwa yenye majina makubwa, lakini Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo vya barabarani kuwa kama 1,190,000 kwa mwaka, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi. Mama alikuwa na tabia ya kunishika mkono tunapovuka barabara kuu ya Kanzenze, ambako malori huja yakiteremka kwa nguvu. Mtu mzima mimi, nashikwa mkono. Niliuacha mkono ushikwe.

Kwenye pikipiki za abiria za Rwanda utapewa kofia ngumu, na sheria inataka uivae. Ivae. Kama unaogopa mba au chawa wa vichwa vilivyotangulia, funga kitambaa chako kichwani kwanza. Nilikuwa na kitambaa cha kazi hiyo tu, na kila jioni nilikifua.

Sasa baridi. Kanzenze iko juu ya mita 2,000, na mtu wa Mwanza akifika usiku huhisi mifupa imelowa. Jambo la kwanza linalomjia ni kuomba jiko la mkaa liingizwe chumbani. Nililiomba. Mama akasema hapana, na hapana yake haikuwa ya uchoyo wa mkaa. Aliniletea blanketi la pili, chupa ya maji ya moto ya kuweka miguuni, na uji. Jiko likabaki nje, chini ya paa la jikoni lililo wazi pande mbili. Sababu yake aliieleza kwa ufupi: mwaka fulani, bonde la pili kutoka kwake, watu walilala na jiko wasiamke.

Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Huingia kwenye damu na kuishika ile sehemu inayobeba oksijeni kwa nguvu inayozidi ya oksijeni yenyewe mara mia mbili na zaidi. Anayelala hukosa hata nafasi ya kushtuka: kichwa kinauma kidogo, kichefuchefu, usingizi mzito, basi. Moshi kutoonekana hakuonyeshi usalama, kwa kuwa mkaa ulioshika vizuri na kuwa mwekundu ndio ambao watu huuingiza ndani kwa kudhani umekwisha kutoa ubaya wake. Hili linahusu Kanzenze, linahusu Makete na Njombe, linahusu Limuru, linahusu kila mahali ambapo mtu wa joto anakwenda kulala kwenye baridi. Lingekuwa juu yangu, ningelibandika kwenye mlango wa kila nyumba ya wageni ya nyanda za juu.

Kule chini ziwani, ardhi yenyewe ina hewa yake. Kandokando ya Goma na Gisenyi, chini ya volkano ya Nyiragongo, kuna mazuku: vibonde na mashimo ambamo hewa ukaa inayotoka ardhini hutuama kwa sababu ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mtoto, mbuzi, au msafiri aliyejilaza chini kupumzika anakufa. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa haujaanza, ndipo huwa mbaya zaidi. Wenyeji wanayajua maeneo hayo. Mgeni hana namna ya kuyajua kwa macho. Mama aliniambia mara ya kwanza niliposhuka Gisenyi: ukichoka, kaa palipo na watu wameketi, usitafute kivuli chako peke yako bondeni. Sikuwahi kusoma onyo hilo kwenye karatasi yoyote niliyopewa mpakani, na watu wengi wanaokwenda kuoga au kupiga picha kwenye ufuko ule hawana mtu wa kuwaambia.

Maji ya Kanzenze yalikuwa na somo lake. Ardhi ya mawe ya volkano hunyonya mvua upesi, kwa hiyo nyumba nyingi hukinga maji ya paa kwenye matangi, na maji ya tangi ni ya kuchemshwa. Lakini juu kule maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100. Kwenye mita 2,000 hutokota kwenye nyuzi 93 hivi. Ndiyo maana maharage huchukua nusu ya siku. Kwa maji ya kunywa, wataalamu wa Marekani wa kudhibiti magonjwa hushauri dakika moja ya kutokota huku chini, na dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Mama hakuwa na saa ya jikoni. Alingoja kifuniko kianze kurukaruka, akaenda kupeta maharage yake, na aliporudi ndipo alipoliepua sufuria. Kisha maji yalikaa kwenye chombo chenye mfuniko na bomba, si ndoo ya kuchota kwa kikombe cha kila mtu.

Na maziwa. Eneo la Bigogwe na Gishwati ni la ng'ombe, na maziwa ndiyo heshima ya kwanza anayopewa mgeni. Kuyakataa ni kumkataa aliyekupa. Maziwa mabichi, hata hivyo, yanaweza kubeba brusela, ugonjwa wa homa inayokuja na kuondoka kwa wiki nyingi, viungo vinauma, na zahanati nyingi huudhania kuwa malaria au taifodi. Nilimuuliza Mama kwa adabu kama naweza kuyapata ya moto. Akaniambia yeye hampi mtu yasiyochemshwa, tangu mwanawe alipougua miaka ile. Kumbe swali nililolibeba kwa woga yeye alikwisha kulijibu zamani nyumbani kwake. Tangu hapo huwa siulizi "je, ni salama?" Naomba ninachokitaka: "Mama, naomba ya moto." Mwenyeji haumizwi na ombi la namna hiyo.

Kuhara nako kuna historia pale. Julai 1994 umati mkubwa wa wakimbizi ulivuka kwenda Goma kwa siku chache tu, ukawa unakunywa maji ya ziwa yaliyochafuliwa, na kipindupindu pamoja na kuhara damu vikaua kiasi ambacho wataalamu waliokuwapo walikadiria kuwa karibu watu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Watu wa umri wangu ng'ambo ile wanaikumbuka miezi hiyo. Kinachonisumbua ni kwamba tiba ilikuwa ikijulikana: mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh kule Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akawanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari, na vifo vikashuka hadi chini ya 4 kwa kila wagonjwa 100. Goma kilichokosekana ni maji safi ya kutosha na mikono ya kuwanywesha watu kwa wakati. Ninabeba pakiti za chumvichumvi za ORS kila safari. Zikiisha, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari iliyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mwenye kuhara anywe kidogokidogo, hata kama anatapika, na asingoje kiu.

Homa ilinipata Kanzenze safari moja, na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilifika nikiwa mzima. Jioni ya pili nikaanza kutetemeka, nikadhani ni baridi ya pale, nikaongeza blanketi. Mama akaniweka mkono shingoni, akamtuma mjukuu wake amwite mshauri wa afya wa kijiji. Rwanda kila kijiji kina washauri hao, umujyanama w'ubuzima, raia waliochaguliwa na majirani zao wenyewe. Mpango ulianza mwaka 1995, na sasa wako makumi ya maelfu nchi nzima. Akaja mama wa makamo, viatu vina udongo wa shamba, mkoba begani. Kabla ya kunichoma kidole aliuliza swali moja: wiki mbili zilizopita ulikuwa wapi?

Mwanza, nikamwambia. Sengerema siku chache, kwenye msiba.

Kipimo kilionyesha malaria. Vimelea vile havikuwa vya Kanzenze, ambako baridi huwapunguza mbu sana. Malaria kali ya kwetu huchukua kwa kawaida siku saba hadi mwezi mmoja tangu kung'atwa hadi homa. Nilikuwa nimepanda nayo basi, nikavuka nayo Kagera, nikaipandisha mlima. Mtu anayeugua mahali pasipo na malaria nyingi anaweza kukutana na mhudumu asiyeifikiria. Huyu aliifikiria kwa sababu aliuliza nilikotoka. Kituo cha afya wakanipima tena, wakanipa dawa mseto, nikalipa kwa kuwa bima ya wanakijiji hainihusu. Ilikuwa bei ya haki.

Niliporudi chumbani nilikuta Mama ametundika chandarua ambacho hakikuwapo asubuhi. Nikamwambia asijisumbue, nimekwisha kumeza dawa na hapa mbu ni wachache. Akasema chandarua si changu. Ni cha wajukuu. Mbu wachache si sawa na hakuna mbu, na mmoja akinyonya damu yangu leo anaweza kupeleka vimelea kitanda cha pili, kwa watoto ambao miili yao haijawahi kupigana na malaria hata mara moja. Nililala ndani ya chandarua kile kwa ajili ya watoto wa mwenzangu. Mpaka siku hiyo kila chandarua nilichowahi kulalia nilidhani kinanilinda mimi.

Halafu ikaja Ebola. Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa Agosti 1, 2018, na kwa karibu mwaka mzima ulikaa mbali na Goma. Julai 14, 2019 abiria mmoja aliyesafiri kwa basi kutoka Butembo alifika Goma, akapimwa, akakutwa nao. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ni dharura ya afya ya kimataifa. Agosti 1 mpaka wa Gisenyi na Goma ulifungwa kwa saa kadhaa kisha ukafunguliwa. Nilikuwa Kanzenze. Malori yalisimama barabarani kwa foleni, na magunia yangu yakiwamo.

Mpaka ule, hasa kivuko kidogo kinachoitwa Petite Barrière, ulikuwa ukivukwa na makumi ya maelfu ya watu kila siku, wengi wakiwa akina mama wenye ndoo na mafurushi kichwani. Sasa kila mmoja alinawa kwa maji yenye klorini na kupimwa joto. Nilisikia kwa masikio yangu wafanyabiashara wakishauriana kumeza panadol saa moja kabla, ili homa isionekane. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na mboga zinazonyauka na marejesho ya mkopo siku ya Ijumaa. Anayetaka watu waseme ukweli kwenye kipimajoto lazima afikirie mboga zao.

Usiku ule mimi na Mama tuliweka agano. Mmoja wetu akiamka na homa, havuki. Mwenzake atachukua mzigo wake, ataupitisha, atauza, na hesabu itakuja kamili. Tuliita mtoto wake mkubwa awe shahidi. Ninaamini agano lile lilikuwa kinga kubwa kuliko sabuni yoyote niliyobeba, kwa kuwa liliondoa sababu ya kudanganya. Tuliwashauri wengine, na baadhi ya akina mama wa Mahoko wakaanza kuvuka kwa makundi ya watatu watatu kwa mpango huohuo.

Desemba 2019 Rwanda ilianza kampeni ya chanjo iliyoitwa Umurinzi kwa wakazi wa Rubavu na Rusizi wanaovuka mara kwa mara, sindano mbili zilizopishana kwa siku 56. Mama alikwenda zote mbili. Zaidi ya watu 200,000 walichanjwa katika kampeni hiyo. Mlipuko wenyewe ulipotangazwa kwisha Juni 25, 2020 ulikuwa umepata watu 3,470 na kuua 2,287. Rwanda haikupata mgonjwa hata mmoja. Mikono ya akina mama iliyobabuka kwa klorini imo ndani ya tokeo hilo, na sijaona ikishukuriwa vya kutosha.

Wanyarwanda husalimiana kwa kukumbatiana, taratibu, mikono ikishika mikono. Miezi ile Mama aliweka ndoo yenye bomba nje ya mlango wake, na kila nilipofika alisimama hatua chache, akanitazama nikinawa, akaniuliza habari za wanangu mmoja mmoja kwa majina. Salamu ikawa ndefu kuliko zamani.

Yapo mambo madogo ambayo nitayapitia haraka. Kadi ya njano: chanjo ya homa ya manjano ni dozi moja, inahitaji siku 10 kabla ya kuhesabiwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha, kwa hiyo asikuuzie mtu nyingine kwa kisingizio kwamba imeisha muda. Dawa za kudumu, za presha, sukari au za kufubaza virusi, zikae mwilini au kwenye mkoba wa mapajani, kamwe si kwenye buti la basi wala kwenye lori. Dereva mmoja wa njia yetu alikwama mpakani na dawa zake za presha zikiwa kwenye gari lililotangulia, tukakimbia naye duka hadi duka kutafuta dawa ambayo hakuna aliyejua jina lake, kwa kuwa yeye aliijua kwa rangi. Andika jina la dawa lililoko kwenye boksi, si la kibiashara peke yake.

Kurudi nyumbani watu huona ndiyo mwisho. Mwili haujui kwamba umefika. Ebola huweza kujificha hadi siku 21, mpox hali kadhalika, na malaria ya mahali ulikopita mwezi mzima. Kwa hiyo swali la yule mshauri wa Kanzenze nimekuwa nikilijibu kabla sijaulizwa: nikiingia zahanati Mwanza na homa, sentensi yangu ya kwanza ni nilikotoka na lini. Muuguzi aliyechoka, mwenye foleni hadi mlangoni, hawezi kulikisia hilo.

Mwaka 2024, mpox ilipoenea mashariki mwa Kongo na kuvuka mipaka, Mama alinipigia simu wiki moja baada ya mimi kurudi. Mjukuu wake mdogo, ambaye nilikuwa nimempakata jioni nzima, ametokwa na vipele na ana homa. Wamempeleka kituo cha afya, majibu bado. Hakupamba wala hakuomba radhi. Alinitaka nisimshike mtoto yeyote, nilale peke yangu, niende nikaseme hospitali. Nilikwenda. Waliandika maelezo yangu, wakanipa namba ya simu, wakaniambia nijitazame ngozi na joto kila siku. Siku ya tatu akapiga tena: ni tetekuwanga. Nikamuuliza kama mtoto anakula. Akasema anakula ugali na dagaa, na kwamba gunia limebaki robo, nilete mapema mwezi ujao.